Fahamu milima ya Australia iliyobatizwa na mabaharia na majina yake ya asili

Mwaka 1770, James Cook wa jeshi la majini la Uingereza alipita pwani ya mashariki ya Australia na merikebu yake, Endeavour. Kila alipoona mlima unaotambulika kirahisi kutoka baharini, aliuandika na kuupa jina. Mengi ya majina hayo yapo mpaka leo, ila milima ile ilishakuwa na majina yake.

Kwa nini milima?

Enzi hizo hakuna GPS, na katika safari hii Cook hakuwa hata na saa maalumu ya baharini ya kupimia longitudo. Ukiwa kwenye maji usiyoyajua, alama ya nchi kavu ndiyo mkombozi wako. Nahodha anapima kwa dira uelekeo wa kilele kimoja, kisha wa kingine, halafu anachora mistari miwili kwenye ramani. Inapokutana, hapo ndipo chombo kilipo.

Wavuvi wa pwani yetu wanaijua mbinu hii. Wengi hulinganisha mnara, mnazi mrefu au kilima ili kurudi kwenye mwamba wenye samaki.

Ngamia na banda la njiwa

Mwezi Aprili, Cook aliona mlima wenye umbo la nundu, akauita Mount Dromedary, yaani ngamia wa nundu moja. Una urefu wa mita 806. Kwa watu wa Yuin, huo ni Gulaga, mlima mama. Mwaka 2006 hifadhi ya taifa ya Gulaga ilirudishwa mikononi mwao.

Kaskazini kidogo akaona kilele kilichochongoka, akakiita Pigeon House, banda la njiwa. Wenyeji wanakiita Didthul.

Mlima wa onyo

Mwezi Mei, Endeavour ilikaribia kuingia kwenye miamba hatari. Rasi iliyo karibu Cook akaiita Point Danger, na mlima ulio nyuma yake Mount Warning, yaani mlima wa onyo. Ujumbe kwa manahodha wa baadaye ulikuwa rahisi: ukiuona mlima huu, kaa mbali na ufukwe. Una zaidi ya mita 1,150, hivyo huonekana kutoka mbali sana.

Watu wa Bundjalung wanauita Wollumbin, na kwao ni mahali patakatifu. Tangu 2006 una majina mawili rasmi, na mwaka 2014 ukatangazwa kuwa eneo lenye ulinzi maalumu wa wenyeji asilia. Njia ya kwenda kileleni ilifungwa mwaka 2020. Hapo ndipo mvutano ulipo: wapo wanaotaka ibaki imefungwa kwa heshima ya mila, na wapo wapanda milima wanaodai ni haki yao kufika juu.

Tanuri za kioo, au familia?

Muda mfupi baadaye Cook akaona vilele vilivyosimama kimoja kimoja, vikamkumbusha tanuri za kutengenezea kioo za kwao Uingereza. Akaviita Glass Houses.

Simulizi ya wenyeji ni nyingine kabisa. Beerwah ni mama mjamzito, Tibrogargan ni baba. Bahari ilipoanza kupanda, baba alimwagiza mwanawe Coonowrin amsaidie mama. Kijana akakimbia peke yake. Baba kwa hasira akampiga rungu, shingo ikapinda, na kilele cha Coonowrin kimepinda hadi leo.

Jina lina uzito gani?

Jina la Cook linakueleza mlima unavyoonekana ukiwa ndani ya merikebu inayopita. Jina la wenyeji linakueleza mlima ni nani kwa watu wanaoishi chini yake. Ndiyo maana kuandika Wollumbin kwenye kibao hakujamaliza ubishi. Ukishakubali kwamba mlima ni patakatifu, swali linalofuata ni nani anaruhusiwa kuukanyaga.