Kijidude kisicho na jina

Leo sitaandika kuhusu programu. Nataka kuwasimulia habari za kijidude kidogo kuliko punje ya mchele, kilichonifanya nichimbue historia ya miaka mia moja.

Mwaka jana nilikuwa nyumbani kwa mama, Kakamega. Mama hufuga kuku na ana mashine ya kuangulia mayai. Usiku stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, na asubuhi tukakuta mashine ni baridi. Ndani mlikuwa na mayai 120, siku ya 12. Yai la kuku huanguliwa siku ya 21, kwa hiyo vifaranga walikuwa tayari wana uhai. Mama akajaza chupa maji ya moto, akazipanga katikati ya mayai, kisha akanigeukia: "Si wewe ulisomea kompyuta? Haya, tengeneza."

Nikaichomoa mashine kwenye stima na kufungua bodi. Kando ya rilei, ile swichi inayowasha kipasha joto, nikaona kijidude cha miguu mitatu, mgongo umepasuka na kuungua. Hakikuwa na herufi hata moja. Basi nikajiuliza, wewe ni nani?

Zamani swali hili lilikuwa na majibu. Mwaka 1924 watengenezaji wa redio wa Marekani waliunda chama chao, na ni chama hicho kilicholeta mpango wa kutambulisha rezista kwa rangi: nyeusi ni 0, kahawia ni 1, nyekundu ni 2, hadi nyeupe ambayo ni 9. Mwanzoni ulisoma rangi ya mwili, kisha ya ncha, kisha nukta. Baadaye zikaja pete tunazozijua leo. Kwa nini rangi? Kwa sababu maandishi kwenye kitu cha mviringo yanaweza kugeukia chini ukashindwa kuyasoma, lakini pete huonekana kutoka kila upande.

Mwaka 1952 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, likachapisha orodha ya thamani za kawaida: 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68, 82. Orodha hii ni msaada mkubwa kwa fundi. Rangi zikiungua na mita ikikuonyesha omu 4,550, unajua kuwa huenda ilizaliwa 4,700.

Tena fundi alipewa mchoro. Redio nyingi za zamani zilibandikwa mchoro wa sakiti ndani ya kasha lake. Hata IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC mwaka 1981, kitabu chake cha kiufundi kilikuwa na michoro ya bodi nzima pamoja na orodha ya msimbo wa BIOS. Hebu fikiria hayo leo!

Kisha vipande vikaanza kupungua ukubwa. Kufikia miaka ya 1980 viwanda vilikuwa vinahamia vipande vinavyolehemiwa juu ya bodi bila kutoboa tundu. Rezista zikaandikwa namba: 102 maana yake ni 10 na sifuri mbili, yaani omu 1,000. Transista zikapewa herufi mbili tatu tu. J3Y, kwa mfano, hutumika kwa S8050, na 1AM kwa MMBT3904, lakini kiwanda kingine kinaweza kuandika herufi zile zile juu ya kitu tofauti kabisa. Kapasita nyingi za kauri hazina alama yoyote. Na zipo kampuni zinazosugua jina la chipu makusudi ili mshindani asinakili kazi yao. Mshindani ana maabara, atajua tu. Anayeumia ni fundi.

Turudi Kakamega. Mchoro sikuwa nao. Nikampigia rafiki yangu, fundi wa Luthuli Avenue. Akacheka. "Achana na jina, bro. Angalia kanafanya kazi gani."

Nikafuata njia za shaba kwa mita. Mguu wa kwanza ulitoka kwenye chipu ya volti 5 kupitia rezista yenye namba 102. Wa pili ulikwenda kwenye hasi. Wa tatu ulikwenda kwenye koili ya rilei, na upande wa pili wa koili ulikuwa kwenye volti 12. Ni kama kukuta katika msimbo kitendaji kisicho na maelezo: unaangalia kinapokea nini na kinarudisha nini. Hiki kilikuwa transista ya NPN inayowasha rilei.

Nikapima koili, omu 400. Gawa 12 kwa 400, unapata miliampea 30. BC547 hubeba hadi miliampea 100, na nilijua iko moja kwenye redio mbovu iliyokuwa stoo.

"Ngoja," fundi akasema, "pima kwanza ile dayodi ya kando ya rilei." Koili ikikatwa umeme hurusha volti kubwa kinyumenyume, na dayodi ndiyo huipitisha salama. Nikaipima. Ilikuwa imekufa. Ningebadilisha transista peke yake, nayo ingeungua. Dayodi ya 1N4007 nikaitoa kwenye chaja ya zamani.

Saa tano asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 37.5. Siku ya 21 wakatoka vifaranga 83. Mama, kama mfanyabiashara yeyote, alihesabu yale mayai 37 yaliyoharibika.

Kabla sijarudi Nairobi nilichora sakiti yote ya ile bodi kwa kalamu, nikaandika BC547 na 1N4007 mahali pake, nikaibandika karatasi ndani ya kifuniko kwa selotepu, kama walivyofanya watu wa redio. Atakayeifungua safari ijayo, hata akiwa si mimi, hataanza gizani.