Fahirisi ya ukuu wa jiji

Fahirisi ya ukuu wa jiji ni kipimo katika jiografia ya miji kinachoonyesha jinsi jiji kubwa kuliko yote nchini linavyoizidi miji mingine kwa idadi ya watu. Ukuu huu si sawa na kuwa makao ya serikali: mji mkuu wa Tanzania ni Dodoma, lakini jiji lenye watu wengi zaidi ni Dar es Salaam.

Historia

Mwaka 1939 mwanajiografia Mmarekani Mark Jefferson alieleza kwamba jiji la namna hii huwa na watu angalau mara mbili ya jiji linalofuata, na umuhimu wake ni zaidi ya mara mbili. Mwaka 1949 George Kingsley Zipf, pia wa Marekani, alieneza kanuni ya kwamba mji wa pili huwa na nusu ya watu wa mji wa kwanza, wa tatu theluthi, wa nne robo, na kuendelea. Kanuni hiyo hutumika kama kiwango cha kulinganishia.

Ukokotoaji

Njia mbili hutumika mara nyingi:

* Miji miwili: idadi ya watu wa jiji la kwanza hugawanywa kwa ile ya jiji la pili. Kwa kanuni ya Zipf jibu ni 2.
* Miji minne: idadi ya watu wa jiji la kwanza hugawanywa kwa jumla ya watu wa mji wa pili, wa tatu na wa nne. Kwa kanuni hiyohiyo jibu ni takriban 0.92.

Jibu likizidi viwango hivyo, jiji la kwanza limeitangulia miji mingine kuliko inavyotarajiwa.

Mfano wa Kenya

Katika sensa ya mwaka 2019 Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, Mombasa 1,208,333, Nakuru 570,674, Ruiru 490,120 na Eldoret 475,716. Fahirisi ya miji miwili ni 3.64, ya miji minne ni 1.94.

Hata hivyo Ruiru inapakana na Nairobi, na wakazi wake wengi hufanya kazi huko. Ikihesabiwa kuwa sehemu ya Nairobi, na Eldoret ikashika nafasi ya nne, fahirisi ya miji minne hupanda hadi 2.17, ingawa hakuna mtu aliyehama.

Mapungufu

Kwa sababu hiyo, fahirisi za nchi mbili hulinganishwa vizuri pale tu mipaka ya miji imechorwa kwa namna moja. Aidha, fahirisi inaweza kushuka huku jiji la kwanza likiendelea kukua, iwapo miji mingine inakua kwa kasi zaidi. Tena huhesabu watu tu. Haionyeshi mgawanyo wa viwanda, hospitali, vyuo wala mapato.