Kuhani Asiye na Nasaba

Katika Israeli ya kale, ukuhani ulikuwa jambo la damu. Aliyeteuliwa wa kwanza ni Haruni, nduguye Musa, ambaye Wapemba wengi wanamjua kwa jina la Nabii Harun. Na baada yake hakuna aliyesogea madhabahuni ila wanawe na wajukuu zake. Walawi wenzao walikuwa wasaidizi. Kabila hilo halikupewa fungu la ardhi kama makabila mengine, riziki yake ikawa zaka na sadaka za watu. Kuhani mkuu alivaa kifuani mawe 12 yaliyochorwa majina ya makabila ya Israeli, na katika pindo la joho lake zilining'inia njuga za dhahabu, ili mlio wake usikike aingiapo na atokapo. Patakatifu pa patakatifu aliingia siku moja tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho, akiwa na damu ya dhabihu kwa ajili yake na kwa ajili ya taifa.

Mwaka 586 KK Wababeli walilichoma hekalu na kuwapeleka watu uhamishoni. Waliporudi, jambo moja liliwaumiza baadhi yao: familia zilizodai ukuhani zilitafuta majina yao katika orodha za nasaba zisiyaone, zikaondolewa katika huduma. Hekalu la pili lilikamilika mwaka 515 KK. Lakini cheo chenyewe kilianza kuyumba. Mwaka 152 KK Yonathani Mmakabayo alikipokea kutoka kwa mfalme wa kigeni. Baadaye Herode akawa anaweka na kuondoa makuhani wakuu apendavyo. Mwaka 70 BK majeshi ya Kirumi ya Tito yaliteketeza hekalu, na dhabihu zikakoma.

Wakristo walikuwa na swali gumu. Yesu alitoka Yuda, kabila lisilo na ukuhani, angeitwaje kuhani? Waraka kwa Waebrania ulimrudia Melkizedeki, mfalme wa Salemu aliyembariki Ibrahimu, mtu ambaye Maandiko hayamtaji baba, mama wala ukoo. Ukuhani wa Kristo, unasema waraka huo, ni wa mfano huo. Kwa maoni yangu hapa ndipo mlango wa orodha za nasaba ulipovunjwa.

Katika pwani yetu Wareno walileta mapadri na neno lenyewe, padri. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1593 na ikaangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Neno likabaki.

Mwaka 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu ya Unguja. Pemba ikasalimika, ikawa shamba kuu la karafuu, na watumwa wakazidi kuvushwa kwenda kuchuma huko. Mtumwa alikuwa mtu aliyekatwa kutoka kwa ukoo wake. Aliitwa kwa jina alilopewa na bwana wake, wala hakuna aliyemwuliza babu yake ni nani. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na mahali pake, Mkunazini, misheni ya Kianglikana ya UMCA ikajenga kanisa kuu. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyeokolewa utumwani, aliwekwa kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo. Mbele ya makarani wa nasaba wa Yerusalemu asingepita mlangoni. Hapa alipewa mkate na kikombe mkononi.

Tarehe 6 Aprili 1897 utumwa ulipoteza nguvu ya kisheria Unguja na Pemba, ingawa aliyetaka uhuru alipaswa kuudai mwenyewe, na masuria hawakuguswa hadi 1909. Mwaka huo huo wa 1897 Marafiki, yaani Waquaker wa Uingereza, walianzisha misheni yao Banani, karibu na Chake Chake, kwenye shamba la mikarafuu ambamo walioachwa huru walifanya kazi kwa ujira. Marafiki hawana kasisi aliyewekewa mikono wala meza ya mkate na divai. Kwao Kristo ni kuhani wa kutosha, na yeyote anaweza kusimama na kunena. Wete, kaskazini ya hapo, UMCA iliweka kituo chenye madhabahu na kasisi. Waraka uleule kwa Waebrania ulisomwa pande zote mbili.

Uzito wa tofauti hiyo ulidhihirika mwaka 1913. Huko Kikuyu, Kenya, Waanglikana walishiriki meza ya Bwana na Wakristo wasio na maaskofu, na Frank Weston, askofu wa Zanzibar, alipinga vikali kiasi cha kupeleka mashtaka kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Kwake, bila mfululizo wa kuwekewa mikono toka kwa mitume, hakuna kuhani. Mfululizo huo ni nasaba ya namna nyingine, isiyo ya damu.

Leo Wakristo wa Pemba ni wachache kati ya majirani Waislamu. Kuhani ni neno la asili moja na kahini, ambaye katika Kiarabu ni mpiga ramli, mtu ambaye Kurani inakataa Mtume afananishwe naye. Kwa hiyo Mkristo wa Wete akimtaja Yesu kuhani mbele ya jirani yake, huanza kwa kueleza kwamba hamsemi mganga wala mtabiri, bali anamsema Harun, kifua chenye majina 12, na mlio wa njuga patakatifuni.