Orlando na Kiwakilishi Kisicho na Jinsia

Mnamo mwaka 1928 mahakama ya London ilikihukumu kitabu kimoja na kukiacha kingine kilichogusa jambo lile lile. Majaliwa ya vitabu hivi viwili yanatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa, kwani ndani yake limo suala la sarufi.

Kitabu kilichohukumiwa ni The Well of Loneliness cha Radclyffe Hall, kilichotoka mwezi wa Julai. Mhusika mkuu ni mwanamke aitwaye Stephen, jina la kiume alilopewa kwa kuwa wazazi walitazamia mwana wa kiume; tangu utotoni hajioni kuwa msichana, na akikua anawapenda wanawake. Hall aliandika kwa uzito, karibu kwa machozi, akiwaombea haki watu wa namna hiyo. Hakuna tendo la kitandani linaloelezwa. Hata hivyo mwezi wa Agosti mhariri wa gazeti la Sunday Express alikishambulia, na tarehe 9 Novemba kesi ikasikilizwa mbele ya hakimu Chartres Biron. Waandishi kadhaa walifika tayari kutoa ushahidi, miongoni mwao Virginia Woolf na E. M. Forster, hakimu akakataa kuwasikiliza. Juma moja baadaye aliamuru nakala ziharibiwe. Kitabu hakikuchapishwa tena Uingereza hadi 1949, miaka sita baada ya kifo cha mwandishi.

Woolf naye alikuwa ametoa riwaya ya Orlando tarehe 11 Oktoba, majuma manne tu kabla ya kesi hiyo. Orlando ni kijana wa kiume wa enzi ya Elizabeth wa Kwanza, ambaye anaishi zaidi ya miaka mia tatu; akiwa balozi Konstantinopoli analala siku saba na kuamka mwanamke. Mapenzi yake kwa wanawake hayakomi kwa sababu hiyo. Kitabu kilitunukiwa Vita Sackville-West, mwanamke ambaye Woolf alimpenda, na picha zake zimo ndani. Hakikushtakiwa. Woolf alikiita wasifu na kukiandika kwa mzaha. Na wenye mamlaka, kwa maoni yangu, hukiogopa kitabu kinacholia kuliko kinachocheka.

Tuje kwenye sarufi. Neno la kwanza la riwaya hiyo ni kiwakilishi cha kiume cha Kiingereza, na papo hapo msimulizi anatuhakikishia kwamba jinsia ya kijana haina shaka. Mahali pa mageuzi anatumia wingi kwa muda mfupi, kama mtu anayesita mlangoni, kisha anatangaza kwamba kuanzia hapo, kwa kufuata mazoea tu, atatumia kiwakilishi cha kike. Mzaha wote umesimama juu ya neno hilo dogo. Kwa Kifaransa, ambacho ndicho njia yetu ya kukisoma (tafsiri ya Charles Mauron ni ya 1931), tayari pana tatizo, maana kimilikishi cha Kifaransa hufuata jinsia ya kitu kinachomilikiwa, si ya mwenyewe. Nasi je? Aliamka, kumbukumbu zake zilikuwa zile zile. Kiambishi a- hakikusikia habari yoyote.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama basi riwaya hii haitafsiriki kwa Kiswahili. Naona mzaha unapotea, ila kitu kingine kinajitokeza. Katika sentensi ya Kiswahili Orlando anabaki mtu yule yule, jambo ambalo msimulizi mwenyewe anashikilia; kinachobadilika waziwazi ni sketi, adabu za nahodha merikebuni, na kesi za mali zinazomsubiri nyumbani. Hapo ndipo penye kidonda. Baba yake Vita alifariki Januari 1928, na jumba la ukoo, Knole, likaenda kwa baba mdogo, kwa sababu mtoto pekee wa marehemu alikuwa mwanamke. Woolf alimrudishia jumba lake kwa njia ya riwaya.

Tusijisifu kupita kiasi, lakini. Kiambishi kisicho na jinsia hakijawahi kumrithisha mjane shamba. Na neno shoga, ambalo wanawake wa pwani huitana kwa upendo, likimwangukia mwanamume huwa tusi. Lugha yenye yeye mmoja kwa wote bado inatafuta neno la heshima kwa watu ambao vitabu hivi vinawazungumzia.

Anne Garréta, katika riwaya yake Sphinx ya 1986, alifanya kinyume cha Woolf: alisimulia mapenzi ya watu wawili kwa Kifaransa bila kufichua jinsia ya yeyote kati yao, akikwepa kila upatanisho wa kisarufi ambao ungewasaliti. Mtafsiri wa Kiswahili angefanya hivyo bila jasho, na msomaji asingetambua kwamba kuna kazi iliyofanyika.

Kuna mahali katika Orlando ambapo tafsiri haidai chochote. Orlando, sasa mwanamke, na mchumba wake Shelmerdine wanashukiana ghafla: yeye anamshuku mchumba kuwa mwanamke, mchumba anamshuku kuwa mwanamume. Wanaambiana hayo ana kwa ana, kwa nafsi ya pili, na katika nafsi ya pili Kiingereza nacho hakina jinsia.