Mkondo wa Nguvu: Giaboksi Si Transmisheni Yote

Lori linalovuta lobedi yenye skaveta kutoka Isaka kwenda Geita likianza kusumbua njiani, dereva hasemi transmisheni ina hitilafu. Atasema gia zinakwaruza, au gia inagoma, au gia inachomoka, au gari linagonga. Vitenzi hivyo vinne si malalamiko mamoja yaliyosemwa kwa namna nne. Kila kimoja kina chanzo chake, na fundi mzuri wa Kahama au Katoro huanza kazi kwa kuuliza ni kipi hasa. Kwa dalili, basi, Kiswahili cha gereji kimejitosheleza.

Upungufu uko kwenye jina la kitu kizima. Hata hilo neno transmisheni lenyewe halina maana moja huko lilikotoka. Mmarekani akilitaja, mara nyingi anakusudia giaboksi tu. Kwenye vitabu vya Uingereza huweza kubeba njia yote ambayo nguvu ya injini hupitia: klachi, giaboksi, propela, difu na ekseli za magurudumu ya nyuma, zile zinazozungusha tairi. Sisi tukachukua neno giaboksi, tukalizoea, na ile njia nzima ikabaki bila jina. Hasara yake anaibeba tajiri wa lori. Akipigiwa simu kwamba "gia zinasumbua", kichwani mwake inakuja giaboksi peke yake, na amri inayotoka ni ishushwe. Giaboksi ya lori zito kuishusha na kuipandisha ni kazi ya watu kadhaa, jeki na minyororo, na huenda tatizo lilikuwa pampu ndogo ya klachi inayovuja.

Napendekeza njia hiyo nzima tuiite mkondo wa nguvu. Majina mengine hayatoshi. Upitishaji ni jina la kitendo, haliwezi kufungwa bolti. Usafirishaji, kwa mtu wa Isaka penye bandari kavu, ni biashara ya kubeba mizigo. Sanduku la gia hakuna muuza spea atakayekuelewa ukimwendea nalo, tena linataja kipande kilekile ambacho giaboksi imeshakitaja. Mkondo una mwanzo na mwisho, una mahali pa kuziba na mahali pa kuvuja, na mtu anaweza kuufuata kuanzia juu kwenda chini. Kutafuta ubovu ndiko kuufuata huko.

Tuanzie juu, kwa klachi. Zima injini, kanyaga klachi, ingiza gia zote moja baada ya nyingine. Kisha washa, kanyaga tena, urudie. Kama injini ikiwa imezimwa zote ziliingia vizuri, na ikiwa inaunguruma zinagoma au zinakwaruza, klachi ndiyo ya kwanza kutiliwa shaka: haikati. Unaikanyaga hadi mwisho lakini sahani bado inaburutwa na injini, kwa hiyo shafti ya kuingilia kwenye giaboksi haitulii. Hapo hutazamwa pampu ya juu na ya chini, upepo ulioingia kwenye mpira wa oili, marekebisho ya pedeli. Kwa magari ya kuvuta kuna sababu nyingine, nayo ni joto. Udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika hushika tairi, na dereva anayevuta karasha au kompresa kwenda machimboni hujinasua kwa nusu klachi na resi nyingi. Sahani ikiungua hivyo huteleza, lakini inaweza pia kupinda, na sahani iliyopinda haiachii sawasawa.

Kama klachi inakata na ukwaruzaji unasikika kwenye gia moja tu, gari likiwa mwendoni, sasa ndiyo tunaingia kwenye giaboksi. Humo kuna sinkronaiza, neno ambalo ningeliacha lilivyo kwa sababu mafundi wanalo na wauza spea wanalo. Ni ringi, mara nyingi ya shaba, inayosugua gia hadi mwendo wake ulingane na wa shafti kabla meno hayajakutana. Cadillac ya Marekani ndiyo iliyoiingiza kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1928. Kabla ya hapo madereva wengi walilazimika kupiga dabo klachi, yaani kukanyaga klachi mara mbili kwa kila kubadilisha gia. Yapo malori makubwa, hasa yenye giaboksi za Kimarekani, ambayo hadi leo hayana sinkronaiza kwenye gia zake kuu. Kijana aliyezoea Fuso akikabidhiwa lori la namna hiyo atakwambia gia ni mbovu, kumbe linamtaka alinganishe mizunguko ya injini kwa mguu wake.

Kuchomoka ni habari nyingine. Mtu anashuka mteremko wa Sekenke na tela nyuma, anaachia mafuta, tela linasukuma, na gia inarudi frii yenyewe. Hiyo ni hatari kubwa, kwa maana gari linabaki bila msaada wa injini kwenye mteremko, na breki zinabeba mzigo wote. Meno yaliyolika au springi za kushikilia gia huwa chanzo, ila kabla ya kufungua chochote zikaguliwe mauntingi, zile raba zinazobeba injini na giaboksi. Zikichoka, injini hucheza, fimbo za gia huvutwa, na giaboksi nzima hulaumiwa bure. Kugonga unapoanza kuvuta mara nyingi ni krosi za propela au difu, yaani chini kabisa ya mkondo.

Oili husema mengi. Nati ya kumwagia oili huwa na sumaku kwenye giaboksi nyingi. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, vipande vya chuma vinavyochoma kidole si vya kawaida, na vumbi la njano linalong'aa ndani ya oili ni shaba ya ringi za sinkronaiza. Shaba haishikwi na sumaku, kwa hiyo itafutwe kwenye oili yenyewe, juani. Na namba ifuatwe kama kitabu cha gari kinavyosema. Kumimina 140 ya difu kwenye giaboksi inayotaka 80W-90 kunatosha kufanya gia zigome kila asubuhi.

Kwenye gari la oto hakuna pedeli ya klachi. Konveta iliyojaa oili ndiyo inayounganisha injini na giaboksi, na oili hiyohiyo husukuma gia ziingie. Pikapu ya oto inayovuta jenereta kupita uwezo wake huchemsha oili, nyekundu ikageuka kahawia yenye harufu ya kuungua, na gia zikaanza kuingia kwa kishindo. Mkondo wa nguvu ni uleule, na fundi anaanza tena juu, safari hii kwa stiki ya kupimia oili na kitambaa cheupe.