Ganzi

Mtoto wa Malindi akila embe bichi kwa chumvi na pilipili, husema meno yameingia ganzi. Ganzi ya sindano hufisha hisia. Hii ya embe huzichokoza, nayo ndiyo ya kuangaliwa. Asidi ya embe, ndimu, ukwaju na mabuyu hulainisha enameli, na enameli ikiisha hairudi. Tusiseme basi kila jino bovu limeoza. Kuoza huletwa na bakteria wanaokula sukari. Kulika huletwa na asidi, kusaga meno usingizini, au mswaki unaokwaruza. Tangu 2008 madaktari wana kipimo cha kulika huko, kiitwacho BEWE: kinywa hugawanywa sehemu sita, kila moja alama 0 hadi 3. Ukishakula kichachu, sukutua kwa maji. Usipige mswaki papo hapo.