Kiti Kilichoanzia kwenye Baiskeli

Mwaka jana nilichora kiti kwenye kompyuta, nikampelekea fundi wa Keko, Dar es Salaam. Akacheka: "Kaka, huu mguu umeshikwa na nini?" Sikuwa na jibu.

Nikamkumbuka Marcel Breuer. Mwaka 1920 alijiunga na shule ya Bauhaus, Ujerumani, akajifunza useremala karakanani. Mwaka 1925 usukani wa baiskeli yake ukampa wazo la kupinda bomba la chuma liwe kiti. Viti hivyo vinauzwa hadi leo.

Wengi waliziona baiskeli zile zile. Naamini yeye aliona kiti kwa sababu mikono yake ilishaunda viti. Kompyuta ilikubali kila mstari wangu. Ubao ungenikatalia mapema. Siku hizi naanzia karakanani, kompyuta baadaye.